Jina la Hélène Kwenye Kioo Cheusi

Nilikuwa nachambua maharage ya jioni, birika la kahawa likiwa jikoni, Restuta alipotoka mbio ofisini ng'ambo ya barabara. Mwanangu ni karani wa wakala wa mizigo hapa Tunduma, bado yuko kwenye majaribio. Benchi langu la kuuzia kahawa lilikuwa na wenyewe: Osea, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza chaja, na Aliko, aitwaye Mchungaji ingawa kanisani haonekani.

— Mama, jina la mwenye mzigo limeharibika! Madame Hélène wa Lubumbashi. Ile kompyuta ya kioo cheusi, ya maandishi matupu, inaonyesha vikorokoro katikati ya jina. Bosi kasema likipishana na karatasi za Kongo, lori litarudishwa, na mimi nisirudi kazini.

Osea alishusha kikombe.

— Virusi hivyo, mdogo wangu. Vimevuka mpaka kutoka Nakonde, kule Zambia. Haba na haba hujaza kibaba: leo jina, kesho ofisi nzima.

— Vimevuka na pasipoti gani, Injinia? alidakia Aliko. Mashine imechoshwa na Kifaransa. Ungekuwa wewe usingechanganyikiwa?

— Basi izimwe ipumzike.

— Tena ikiwashwa iandikiwe Kiswahili tu. Mkataa kwao mtumwa!

— Acheni maneno, nilisema. Mtoto afanye nini?

Hapo wakapatana, mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Afute vikorokoro, aandike Helene bila mapambo. Nani atajua?

Restuta akageuka kwenda kufuta. Dereva wa lori lenyewe, Timotheo, ndiyo kwanza alikuwa anafika kutafuta kahawa. Alikuwa amesikia nusu tu.

— Samahani mukwai, aliuliza kwa heshima ya Kizambia. Jina limeharibika humo ndani, au ni kioo tu kinachoshindwa kulionyesha?

Osea akamtazama Aliko. Aliko akatazama kikombe chake. Nilimmiminia dereva, kikombe chake kikajaa nusu, birika likaisha. Restuta akavuka barabara mbio.

Restuta hakufuta. Alifungua faili lile lile kwenye kompyuta ya bosi: Hélène, mzima kabisa. Kumbe mfumo wote ulishawekwa kwenye Unicode, utaratibu mpya wa herufi za lugha zote, kioo cheusi kikaachwa na mpangilio wa zamani, kikawa kinasoma kila herufi yenye alama katika jina la yule mama kama mbili. Akabadilisha mpangilio, akachagua fonti yenye herufi hizo, jina likatulia. Karatasi zikaenda.

Nilipakua ugali na maharage, nikahesabu kama kila siku. Restuta yupo. Wadogo zake wapo. Dereva yupo, nilimkaribisha mwenyewe. Injinia na Mchungaji nao wapo, ambao sikuwapikia, wameshanawa mikono.

— Si nilisema ni kioo? alisema Osea, akimega tonge.