Mama Simama na Wazee Aliowarudisha Miguuni

Dada yetu mpendwa, ambaye wagonjwa wake walimwita Mama Simama hata jina lake likakaribia kusahaulika, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mpishi wa shule. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na tusidanganyane leo kwa sababu tu ametangulia.

Alisoma hadi kidato cha nne, akafeli hesabu bila majuto, kisha akasomea tiba ya mazoezi ya viungo. Mwaka 1981 aliajiriwa katika wodi ya wazee, kwenye chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia na ngazi fupi ya mbao isiyoelekea popote. Hakumshika mzee yeyote mkono. Alimfunga mkanda mpana kiunoni, akasimama nyuma yake na kuushikilia. "Nikikushika mkono utaniegemea mimi," alisema, "na mimi jioni naenda zangu nyumbani."

Mkanda huo ndio uliompatia mume. Alimpelekea fundi cherehani kipande cha turubai, akataka kishonwe mkanda wenye vishikio. Fundi akauliza, "Punda wako mnene kiasi gani?" Akajibiwa, "Ni wa baba wa watu, mwenye heshima zake." Fundi aliona haya mno. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, na yeye ndiye aliyeshona mikanda yote ya wodi ile mpaka mkewe alipostaafu mwaka 2016.

Mwaka 2021 dada alipatwa na kiharusi, akaanguka jikoni mbele ya macho ya mumewe. Hofu ile haikumtoka shemeji yetu. Kwa mapenzi kabisa, akawa anambeba: kitandani hadi kitini, kitini hadi bafuni. Watoto nao wakamsihi mama yao atulie. Miguu ikazidi kulegea. Siku moja akamshika mumewe ukosi wa shati, akamwambia, "Baba watoto, ukiendelea hivi sitasimama tena."

Maneno yalimchoma. Akakaa kwenye cherehani, akamshonea mkanda.

"Na ukianguka je?" aliuliza akiufunga.

"Nitaanguka nikiwa nakwenda."

Walianza kwa kwenda dirishani, wakafika mlangoni, na baada ya miezi mingi dada akawa anatoka na mkongojo wake, mumewe akimfuata nyuma roho mkononi. Tunamshukuru sana shemeji kwa ujasiri ule.

Dada alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2024, kwa maradhi ya moyo. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ametembea hadi getini kumgombeza muuza maziwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, sisi wadogo zake, na wazee wengi waliofika hapa kwa miguu yao. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu huyu.

Pumzika kwa amani, dada. Leo huwezi kutukatalia: tutakubeba.