Alama Kumi za Nyamvula

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo sina la kuwachangamsha. Jumamosi tulimzika Nyamvula, binti wa marehemu Mzee Ruwa wa Changamwe, mwaka huu wa 1949. Ni yule Nyamvula mfuaji wa chumba cha majaribio, kwenye kiwanda cha sabuni.

Kazi yake ilikuwa hivi. Vitambaa vinapakwa uchafu mmoja, masizi na mafuta ya nazi. Kila kimoja kinafuliwa kwa sabuni yake, kisha kinasuuzwa mara moja. Mara moja tu, ili sabuni zote zipimwe sawasawa. Halafu yeye anatazama, anatoa alama. Alilionea fahari jicho lake. "Akikutazama kola, watamani kurudi nyumbani ukabadilishe," asema dadake, Florence.

Mwaka jana ikaletwa sabuni mpya ya unga. Kitambaa kilitoka kinang'aa. Nyamvula akatoa kumi kwa kumi, alama ambazo hajapata kuzitoa. Vitambaa vikishapimwa hutupwa, basi akaomba vile vyeupe kabisa, akamshonea nepi mwanawe Baya, wa miezi miwili. Hakuvifua tena. Afue nini, na vimetakata mbele ya macho yake?

Unga ulibaki ndani ya nyuzi. Ngozi ya mtoto ikababuka, ikatoka vidonda, vidonda vikatunga usaha. Mamake Nyamvula, Bi Dorcas, akamsihi, "Mwanangu, mvue vitambaa hivyo."

"Mama, hivi ndivyo safi," akajibu.

Siku ya tisa Baya akafa.

Alirudi kazini, akamweleza mkuu wa chumba yote. Mkuu akasikiliza, kisha akauliza, "Lakini kitambaa kilitakata?"

Nyamvula hakujua kusema uongo. "Kilitakata, bwana."

Fomu ya kujazia alama haikuwa na nafasi ya kuandika habari za mtoto. Alama kumi zikabaki palepale.

Tangu siku hiyo alisuuza kila nguo hadi vidole vikachubuka. Florence akimwambia, "Basi dada, imetosha," yeye hujibu, "Bado." Mwezi huu homa ya mapafu ikamchukua, naye hakushindana nayo.

Bi Dorcas, Florence, poleni. Neno la kuwatuliza sina, wala sitajifanya ninalo. Unga ule sasa uko madukani, unasifiwa kwa alama zilezile za Nyamvula. Nawe msikilizaji, kabla hujamvisha mtoto nguo leo, suuza. Mkumbuke Baya, kisha usuuze tena.