Aliyekwenda Kila Jumamosi

Marehemu mke wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili wa mwashi na msuka vikapu. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Hakuendelea, maana baba yake alianguka kazini na nyumba ikahitaji mikono. Mimi sikusoma kabisa. Herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye, tukiwa tayari na watoto wawili, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi. Alikaa hapo miaka thelathini na mitano. Shuka lenye kiraka alilipiga pasi mara mbili, kisha akapitisha kiganja juu ya mshono kuona kama unakwaruza. Msimamizi akamwambia, "Mama, hilo ni shuka, si suti ya bwana harusi."

Akajibu, "Bwana harusi anasimama. Huyu analala juu yake siku nzima."

Akaendelea. Baada ya muda nikasikia na wenzake wanafanya hivyo hivyo.

Tulifahamiana humo humo. Nilipeleka meza ya kupigia pasi, ikawa inayumba. Akaniita, "Fundi, njoo umchukue mtoto wako, hatulii." Nilikwenda kuitengeneza mara tatu. Mara ya tatu haikuwa na tatizo lolote, na hakuna aliyesema. Tulioana tarehe 7 Agosti 1976. Tukajaliwa wana wawili na binti mmoja.

Sasa niseme lililo gumu. Mwaka 2010 binti yetu aliolewa na mpiga picha wa mitaani. Mimi nilitaka mkwe mwenye mshahara, na mimi mwenyewe seremala sijawahi kupata mshahara. Nikasimama uani mbele ya majirani nikasema huyu si mwanangu, asikanyage hapa. Mama yake hakubishana. Jumamosi iliyofuata alivaa viatu, akaenda kwa binti kwa miguu. Aliporudi alinikuta mezani.

"Nimetoka kwa mwanao. Hajambo. Anakusalimu."

"Sikuuliza."

"Najua. Nimekwambia tu."

Akafanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja. Hakunificha, hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu. Siku moja alisema, "Umepata mjukuu wa kiume. Masikio ni yako, maskini." Nikatoka nje nisicheke mbele yake.

Februari 2021 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Jumamosi moja nilimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, cha pili kimekataa kuingia. Akasema, "Nenda wewe, mzee. Ukirudi uniambie." Sikwenda. Jumamosi ya pili sikwenda. Wiki hizo mbili alikaa bila habari za mwanawe. Hakunilaumu, alikuwa anaangalia mlango tu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ya tatu nilikwenda. Binti alifungua, akaniangalia, akashika mlango. Hata kusalimia alisahau. Akauliza, "Mama amekufa?" Hakuona jingine la kunileta.

Nikasema, "Hapana. Kanituma."

Niliporudi, mama akataka kujua, "Ulikaa, au ulisimama mlangoni?"

"Nilikaa."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti."

Akaomba nimlaze. Siku ile alipata usingizi.

Wiki hiyo hiyo binti akaja na mumewe. Kwa miaka miwili alimwosha mama yake, akamgeuza, akamchana nywele. Mkwe alimbeba mgongoni kwenda kliniki ngazi zilipomshinda. Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mke wangu alifariki mikononi mwa binti yake. Nilirudi na dawa.

Miaka ile yote ningeweza kwenda naye. Ilikuwa njia ya nusu saa. Hairudi tena. Lakini neno lile nililisema mbele ya watu, na kulifuta chumbani kimya kimya hakutoshi. Basi nalifuta mbele yenu. Mwanangu, nilikosea. Nyumba ni yako, uingie bila kubisha hodi.

Marehemu ameacha mume, wana wawili na wake zao, binti mmoja, mkwe wetu mpiga picha, na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu ampe mke wangu pumziko la amani.