Ndege Ikiibiwa, Fuateni Alama

Kwenye basi la Majimoto kwenda Mpanda, kiti cha mbele yangu, Kassiani, mlinzi wa kiwanja cha ndege ndogo, alibishana na mfugaji aitwaye Mama Dorice. Serikali ilikuwa imeomba maoni ya kuzuia wizi wa ndege za watu binafsi.

"Ikiibiwa," alisema Kassiani, "tunapiga yowe, walinzi wetu sungusungu wanafuata alama za matairi. Si ndivyo tunavyofuata kwato za ng'ombe?"

"Alama si zitaishia mwisho wa kiwanja, baba?"

"Tutaulizia vijiji vya mbele."

Mama Dorice alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nani kawafundisha hivyo?"

"Maoni ya kata hayo. Yameandikwa na msomi."

Basi likasimama stendi. Mimi, msomi mwenyewe, nikaificha bahasha yangu yenye muhuri wa kata ndani ya koti, nikasubiri wao watangulie kushuka.