Kichwa cha Mzee Wiryo

Ndani ya treni ya kwenda Solo, Wening aliketi akielekeana na Mzee Wiryo, magoti yakikaribia kugusana. Mzee alingoja salamu, hakuipata. Binti alikuwa amepakata kichwa cha udongo kilichofunikwa kitambaa kilicholowa, na mama mmoja kando yake, mwenye kikapu cha matunda, alikwisha kuanza kukifunua.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

"Kuna mzee tunawekewa mbele pale chuoni tumfinyange. Ndiyo kwanza naanza kusomea uchongaji."

Mama alikitazama kichwa, akamtazama na binti. "Mbona huyu ni wewe? Umejibandika masharubu tu."

Mzee Wiryo aliliona hilo tangu wiki ya kwanza, lakini pale chuoni kazi yake ilikuwa kukaa kimya.

"Kosa ni la yule mzee," Wening alisema. "Uso wake hauna hata pa kushika. Umelala tu kama uji uliopoa."

"Au humtazami."

"Namtazama mpaka nimemchoka, mama. Hata nikifumba macho namwona."

"Basi siku ya mtihani yafumbe."

Wening akaanza kumweleza kwamba mtu asiyesoma sanaa hawezi kuelewa, na mama akacheka puani. Treni ikasimama Klaten. Mzee Wiryo aliinuka, akavua kofia, akayapangusa masharubu yake taratibu mbele ya binti, akimpa nafasi ya mwisho.

Wening alikunja miguu ampishe. "Pita, babu," alisema, "ila angalia usimgonge mzee wangu."