Oveni ya Pili

Zamani Mama Mikate akiwasha oveni, umeme wa mtaa mzima ulikatika, na cherehani ya jirani yake Fundi ikafia katikati ya mshono. Leo walikaa kiti kimoja kwenye basi, na Fundi alishukuru mpaka dereva akasikia. “Dada, hiyo oveni mpya inadonoa umeme kama bi harusi anayekula mbele ya wakwe. Sare za shule nimemaliza zote bila kuzimikiwa. Ubarikiwe.”

“Tuwashukuru walioibuni, kaka. Umeme unabaki mwingi, ndiyo maana nakwenda kununua ya pili.”

Fundi akageuka kumtazama. “Ya pili?”

“Na ya tatu, Mungu akipenda.”

Basi likasimama mbele ya duka la oveni. Mama Mikate akashuka. Fundi, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akashuka nyuma yake, akiendelea kumshukuru kwa ile moja.