Sura Waliyompa Bega

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa vyumba vya habari viwili ambao leo mmekaa mmechanganyika hata sijui nani ni wa nani, familia imenituma mimi, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake kwa ufupi, na jana watu wenye tai walikuja kuniomba nipunguze baadhi ya mambo, nikawaambia nitapunguza, ila sikuwaambia nitapunguza yapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, huyu aliyekaa kiti cha mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari mwaka 1997, na tusimpambe, hesabu zilimpiga chenga vibaya, lakini mama, ambaye yeye mwenyewe hakupelekwa shule hata siku moja, alishona sare za watoto wa watu mpaka macho yakamchoka, ili mwanawe asome upigaji picha katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 2002.

Tarehe 1 Februari 2003 aliajiriwa na kituo cha televisheni cha mkoa huu, akabeba kamera bega la kulia mpaka bega lenyewe likashuka kuliko lenzake, ndipo mkambandika jina la Bega. Kila penye mkutano, ajali, au uzinduzi wa choo cha soko, alisimama sako kwa bako na mpiga picha wa kituo cha upande wa pili, yule mrefu pale nyuma, ambaye Bega kwa utani alimwita mke mwenza, wakisukumana viwiko kugombea nafasi na kutukanana kama kawaida yao, kisha mmoja akiishiwa betri, mwenzake anampa ya kwake, na mabosi hawana habari. Mama yeye hakutaka utani huo, kituo cha upande wa pili alikiita nyumba ya adui, mgeni akigusa rimoti anakaripiwa, kwa sababu kwake yeye habari ilikuwa ile aliyopiga mwanawe, na mwanawe alishamwambia kwamba kituo chao hakionyeshi uongo.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, wifi yangu na mke mwema, wakajaliwa binti na mvulana, na picha za harusi ile alizipiga mke mwenza, bure, ingawa alirudi kwenye sufuria mara tatu.

Kipengele cha kuugua tunakiruka, kwa sababu marehemu hakuugua. Tarehe 11 Juni mwaka huu ghala la magodoro liliungua, ukuta ukamwangukia akiwa kazini, na mke mwenza akaitupa kamera ya mwajiri wake chini, akafukua matofali ya moto kwa mikono mitupu, mikono hiyo mnaiona ina bandeji hadi leo. Alifariki dunia alasiri hiyo hospitalini, na daktari akatushauri kwa upole kwamba jeneza lisifunguliwe, kwa hiyo halikufunguliwa, wala halitafunguliwa.

Sasa hapa ndipo nilipoombwa nipunguze.

Jioni ile, sisi tukiwa bado kwenye korido ya hospitali, kituo chake kiliwahi kutangaza kifo, wakaweka jina lake, na juu ya jina lake wakaweka sura ya dereva wao, ambaye yu hai na amekaa hapa, na mkewe alizimia. Miaka ishirini na kitu Bega amewapigia picha za kila mtu, na wao hawakujua sura yake! Jirani alimsomea mama jina, mama akaitazama ile sura, akasema huyu si mwanangu, wamechanganya majina, akashukuru Mungu, akaingia jikoni. Tulipofika tulimkuta anampikia chakula cha usiku.

Wale wa upande wa pili walikuwa na sura yake tele, maana miaka yote alikuwa akijipenyeza kwenye picha zao na wahariri wao wakimlaani, basi wakaviokota vile vipande walivyokuwa wakivikata, Bega anacheka, Bega anatafuna karanga waziri akihutubia, wakavionyesha bila nembo yao, na nakala wakawapelekea wapinzani wao. Tulipomwekea mama alifumba macho, akasema hao ni adui, wanamchuria mwanangu.

Tukaenda kwa mwajiri wake kuomba jambo moja tu, waseme katika taarifa yao ya habari kwamba picha ile haikuwa yake. Mkurugenzi akajibu kwamba kujisahihisha ni kujidhalilisha, upande wa pili watatusimanga mwaka mzima. Kesho yake upande wa pili wote wakaja getini kwake, watangazaji, wahariri, madereva, wakaapa kwamba hawatatangaza, hawatacheka, hawatalitaja, na wafanyakazi wa mkurugenzi wenyewe wakatoka ofisini wakasimama pamoja nao juani. Mkurugenzi akatuma shada la maua. Shada, jamani!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliolala sebuleni kwetu, wafanyakazi wenzake wote, na chumba cha habari cha upande wa pili, ambao kuanzia leo ni watoto wa nyumba hii, wapende wasipende. Mke mwenza, mikono yako ipone.

Mkurugenzi, nakuona hapo ulipo, miwani myeusi haisaidii. Asubuhi hii mama ameniuliza tunamzika nani, na kwa nini nalilia msiba wa watu. Msimwonee huruma, mama hajachanganyikiwa, aliwaamini ninyi kuliko alivyotuamini sisi watoto wake, na sura yako anaifahamu vizuri, amekuona kwenye skrini mara nyingi. Kati ya kiti chako na chake pana viti vitano. Inuka, umshike mkono, umwambie kwa kinywa chako kwamba mlikosea picha, hamkukosea mtu.

Na wewe Bega, mdogo wangu, pumzika kwa amani, ila tuvumilie kidogo, hatukuteremshi mpaka mama aambiwe.